Sifuri ya Fundi Gervasi

Jumamosi ya pili ya Aprili 1997, saa tatu asubuhi, Aikande alikwenda Mwandiga kununua gari. Alivaa viatu vya mvua, kwa sababu magari ya bei rahisi hukaa matopeni, na mkononi alishika tochi ya kumulika chini ya injini. Alikuwa bibi shamba wa kahawa, mzaliwa wa Machame, mwenye stashahada, watoto watatu, na pikipiki ya ofisi iliyokufa tangu Krismasi. Kahawa ya Kalinzi haikuwa na mpango wa kuisubiri ifufuke.

Gari lilikuwa nyuma ya duka la Hamdani, kando ya barabara ya Kasulu. Ilikuwa pikapu ya Kifaransa, rangi ya maziwa ya mgando, usukani upande wa kushoto. Familia moja kutoka Burundi ilifika nayo mwaka 1993 ikiwa imepakia magodoro tisa na cherehani. Petroli ikawaishia hapo. Wakamwachia Hamdani gari kwa bei aliyoitaja yeye, wakaendelea kwa miguu. Tangu siku hiyo kuku walikuwa wakitaga ndani yake.

Aikande aliwafukuza kuku, akakaa penye usukani, akasoma mita ya kilomita.

"Elfu moja mia mbili na nne," alisema. "Gari la miaka kumi na sita. Walikuwa wanalibeba kichwani?"

"Mama, sijachezea kitu."

"Wote mnasema hivyo. Mnairudisha nyuma kwa drili."

"Hebu shuka nikuonyeshe."

Aikande alishuka, Hamdani akakaa. Tarakimu zilizunguka bila haraka, zikasimama kwenye sifuri tano. Hamdani alinyoosha kidole kwenye nyumba yenye kamba ya nguo, hatua ishirini kutoka pale. "Kwangu ni pale. Mita ya gari hili inasoma aliyeshika usukani yuko mbali kiasi gani na kwao. Wewe kwenu wapi?"

"Machame."

"Basi hesabu mwenyewe."

Aikande alihesabu kichwani kutoka Mwandiga mpaka Machame kwa barabara, akakuta mita iko sawa. Akaomba apunguziwe bei, kwa kuwa mita isiyoonyesha gari limetembea kiasi gani ni mita mbovu. Hamdani alikubali. Wateja wawili waliomtangulia walikuwa wametoa hoja hiyo hiyo, na mmoja wao alikwenda zake akilia kwa sababu ilimsomea mbali mno.

Karatasi za gari zilitoka baada ya siku kumi na moja. Aliyeshughulika nazo aliuliza namba ya injini na namba ya chesisi, akagonga mhuri, akatoa namba ya Tanzania. Hakuuliza gari lilizaliwa wapi.

Fundi wake alikuwa Gervasi wa Ujiji, mtu wa miaka arobaini na mitano aliyefanya kazi chini ya paa la mapipa yaliyonyooshwa, ubavuni mwa nyumba aliyozaliwa. Baba yake alitoka Burundi wakati wa Mwingereza, akapakua mizigo bandarini, akajenga nyumba hiyo kwa matofali ya udongo mwekundu, akafa ndani yake. Gervasi mwenyewe hajawahi kuvuka mpaka, hata kwa kutafuta spea. Mkewe, Honorata, alikuwa Muha wa Simbo na alitengeneza sabuni ya mawese.

Sabuni ilisaidia kazi. Tangi la petroli lilipovuja, Gervasi aliponda kipande cha sabuni ya Honorata akakigandamiza penye ufa, na ufa ukanyamaza. Rejeta ilipovuja aliweka vijiko viwili vya manjano ndani ya maji. Feni belti ilipokatika njiani Kalinzi, Aikande alivua soksi zake ndefu akazifunga mahali pake kama alivyofundishwa, akateremka mlima nazo. Siku ya tatu ya matengenezo Gervasi alifungua dashibodi, akachomoa waya wa mita, akamwekea mkononi Aikande, aliyekuwa amekaa penye usukani.

"Mama Eli, waya ndio huu. Mita haina habari nao."

Kwenye mita bado ilisomeka 1,214, ambayo ndiyo ya Aikande akiwa Ujiji. Gervasi akautumia waya kufungia ekzosi.

"Na wewe inakusomeaje?" Aikande aliuliza.

"Hapa? Sifuri. Ile siku ya kulijaribu, nilipofika Mwandiga ikasoma kumi. Niliporudi ilikuwa imeshuka tena mpaka sifuri, nilipokanyaga breki pale mlangoni." Alisema hivyo kama mtu anayesema oili imefika kwenye alama.

Tabu kubwa ya pikapu haikuwa mita. Ilikuwa usukani. Gari lilitengenezwa kwa ajili ya nchi zinazoendesha kulia, na dereva wake akiwa nyuma ya lori hakuona kinachokuja. Aliyekaa kiti cha kulia ndiye aliyepaswa kuchungulia na kusema "nenda" au "bado". Gervasi alimfundisha Honorata kazi hiyo, maana Honorata ndiye aliyepanda na Aikande kupeleka sabuni vijijini.

"Ukisema nenda wakati kuna rori linakuja," Gervasi alimwambia mkewe, "nitaoa mwingine."

"Yewe! Nikisema nenda wakati kuna rori, mimi ndiye nitakayekufa kwanza, Mama Eli anifuate. Upande wangu ndio uko mbele ya rori."

"Mnajua nawasikia?" alisema Aikande.

Oktoba ilikuja amri. Watu wenye asili ya Burundi wanaoishi nje ya kambi wakusanywe na kupelekwa kambini. Ujiji walikusanywa kwenye uwanja wa mpira. Palikuwa na malori sita, meza moja, na daftari lenye safu tatu: Jina, Umri, Kwao. Mezani alikaa ofisa aitwaye Bonaventura, mtu mpole, mwenyeji wa Singida, ambaye alimpa kila mtu kiti kabla ya kumuuliza. Alimwambia kila mmoja ataje yale magari yaliyosimama pale.

"Marori," alisema Gervasi. Spana ilikuwa bado mfukoni mwake.

"Kaa upande ule."

Honorata alikuwa amesimama nyuma yake. "Ofisa, hata mimi nasema rori. Shangazi yangu wa Kalinzi anasema rori, na mumewe ni katekista."

"Wewe baba yako ni wa Simbo, mama. Wewe huna tatizo. Nenda nyumbani."

"Nyumbani ndiko mnakomtoa huyu."

Honorata hakwenda nyumbani. Alikwenda ofisini kwa Aikande. Baada ya nusu saa pikapu iliingia uwanjani, ikapita katikati ya goli, ikasimama mbele ya meza. Aikande alishuka, akaacha mlango wazi.

"Shikamoo haipo, maana nadhani tuko rika moja," alimwambia Bonaventura. "Kaa hapa kwenye usukani."

Alimweleza kazi ya mita kwa sentensi mbili. Bonaventura alisikiliza, akaweka kofia mezani, akakaa. Mita ikasoma 797.

"Ni sawa," alisema. "Ni mpaka mlangoni kwa mama. Mwezi wa sita nilikwenda kumzika baba, nilihesabu."

"Sasa akae huyu fundi."

Gervasi alikaa. Alifuta mikono kwenye suruali kwanza, kwa mazoea. Tarakimu zilizunguka, zikasimama: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Watu waliokuwa kwenye foleni walisogea kuangalia. Askari mmoja naye alisogea, akarudi mahali pake.

"Sifuri," alisema Bonaventura.

"Umeisoma mwenyewe," alisema Aikande.

"Nimeisoma." Alirudi mezani, akachukua kalamu. "Mimi nina mia saba tisini na saba. Wewe umesema una elfu moja na zaidi. Kila mtu ana kwao. Huyu hana hata kilomita moja." Akaandika kwenye safu ya tatu, mbele ya jina la Gervasi: *Hana kwao*.

"Ofisa, sifuri maana yake amefika."

"Mama, mwanao akileta sifuri kutoka shule, unamwambia amefika?"

Watu kwenye foleni walicheka, na Gervasi mwenyewe alicheka kidogo, kwa sababu ilikuwa imesemwa vizuri. Aikande hakucheka. Alieleza tena, polepole, jinsi anavyowaeleza wakulima vipimo vya dawa. Bonaventura alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema anamwelewa, ila safu ni nyembamba na maelezo yale hayawezi kuingia.

Watu wengine kumi na wanne waliomba wakae kwenye usukani. Wote walisoma sifuri, isipokuwa bibi mmoja aliyesoma sita, kwa kuwa alizaliwa Gungu. Kumi na watatu waliandikiwa hawana kwao. Bibi aliambiwa kilomita sita hazitoshi.

Malori yaliondoka saa sita mchana. Gervasi alipanda la mwisho, akakaa ukingoni kwa nyuma. Pikapu ilifuata na Honorata kwenye kiti cha kulia, magodoro mawili na sanduku la spana nyuma. Walipopita Mwandiga barabara ilinyooka. Lori lilitembea mwendo wa ng'ombe na vumbi lake lote likaingia dirishani. Aikande alisogeza pikapu mpaka karibu na mstari ambao ungekuwepo kama kungekuwa na lami.

"Tupite?"

Honorata alichungulia. Barabara mbele ya lori ilikuwa tupu mpaka kilimani.

"Bado," alisema.

Kilomita kumi baadaye Aikande aliuliza tena. Njia ilikuwa tupu.

"Bado."

Aikande hakuuliza mara ya tatu. Walikula vumbi mpaka Kasulu na mbele ya Kasulu, huku Gervasi akiwaangalia kutoka ukingoni. Kila walipofika kwenye korongo aliwaonyesha kwa mkono upande wa kulikwepa.

Kambini alipewa turubai, kopo, na kiwanja chenye namba. Kufika Januari alikuwa na gereji chini ya turubai, kwa sababu magari hufa popote. Pikapu ilikataa mafundi wengine. Si kwa uchawi. Wao hawakujua kuhusu sabuni, wala soksi, wala waya uliofunga ekzosi, na kila walichonyoosha waliharibu mambo mawili. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi Aikande na Honorata walifunga safari. Kahawa ilibidi iwaelewe.

Mwezi wa pili pampu ya maji ilianza kulia. Gervasi alikaa kwenye usukani ili aisikilize, na Aikande, aliyekuwa dirishani, aliona mita. Ilisoma 112. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha karani wa kambi, kijana mtaratibu aitwaye Leodgar, akamleta akiwa na daftari kwapani.

"Oktoba waliandika hana kwao kwa sababu mita ilisoma sifuri," alimwambia. "Leo ina namba. Soma."

Leodgar alisoma. "Mia moja na kumi na mbili. Hii imekaa vizuri. Tulikuwa na watu wengi wa Ujiji wasio na chochote kwenye safu hii." Alifungua daftari kwenye boneti, akakata yale maneno mawili ya Bonaventura kwa mstari mmoja safi, akaandika juu yake: *Km 112*.

"Andika Ujiji," alisema Aikande.

"Mita imesema Ujiji?"

"Kutoka hapa mpaka Ujiji ni kilomita mia moja na kumi na mbili. Tumetoka huko leo asubuhi."

"Na Burundi kuna vilima vingi vilivyo kilomita mia moja na kumi na mbili kutoka hapa, mama. Mita imesema upande?"

Mita haikusema upande. Ilikuwa mita ya umbali tu, na aliyeitengeneza hakufikiria kwamba mtu angeweza kubishiwa upande wa kwao. Leodgar alisema namba isiyo na upande itamsumbua mkubwa wake, hivyo akatoa rula mfukoni na kuchora mshale. Mshale ulielekea Burundi. Ulikuwa umenyooka sana.

"Atakuwa kwenye orodha ya watakaorudi kwao njia zikifunguka," alisema. "Hongera, fundi. Wengine hawana hata orodha."

"Asante," alisema Gervasi, kwa sababu kijana alikuwa na adabu.

Honorata alikuwa amekaa kiti cha kulia muda wote huo, kikapu cha sabuni mapajani. Alimwuliza mumewe kama mshale huo una maana yoyote. Gervasi alisema bado hajui. Aikande aliandika barua tatu mwaka huo, zilizopigwa chapa, zenye nakala. Mbili zilijibiwa kwamba suala limepokelewa. Ya tatu ilirudi ikiwa na maswali kuhusu namba ya chesisi, nayo aliijibu.

Pikapu iliendelea kwenda kambini kila mwisho wa mwezi. Aikande alipofika alishuka mita ikiwa inasoma 1,102, Gervasi akapanda, tarakimu zikazunguka mpaka 112. Alikifuta vumbi kioo cha mita kwa kiwiko, akaisoma, akamgeukia mkewe kwenye kiti cha kulia.

"Haijasogea," alimwambia.

Kisha alishuka, akafungua boneti, akaomba apewe spana namba kumi na tatu.