Mgeni Kutoka Huduma kwa Wateja

Jumanne asubuhi Lornah Nabalayo alikuwa akichapa insha za wanafunzi katika saiba yake, duka la kompyuta na intaneti, hapo Maseno, simu iko juu ya kaunta, spika imewashwa. Alikuwa akiitafuta kampuni ya intaneti. Siku ya kufunga mkataba aliahidiwa kwamba bei haitaguswa kwa miaka miwili. Hata mwaka haujaisha, ujumbe ukaingia: bei inapanda mwezi ujao, na akijitoa mapema atatozwa faini.

Sauti ya kike ilimwambia kwamba simu yake ni muhimu, tafadhali asubiri. Lornah akasubiri. Kufikia saa sita sauti ilikuwa imekauka, na mwenye sauti akaona heri aje mwenyewe. Aliingia akiwa na suti ya kijani, viatu mkononi kwa sababu ya tope, akasema, "Simu yako ni muhimu kwetu. Tafadhali subiri."

Lornah alimsogezea kiti, akampa maji. Kisha akakata simu, maana hakukuwa na haja ya kumaliza chaji.

Kila alipomuuliza kuhusu bei, jibu lilikuwa lilelile. Wanafunzi walimzoea upesi. Wale waliokuwa wakisukumana kwenye printa sasa walipanga foleni, kwani mgeni akikuambia usubiri, unajikuta umesubiri. Jioni Lornah alienda naye nyumbani. Hangemwacha alale na kompyuta.

Kesho yake Mwalimu Obonyo, anayefundisha sheria chuoni, alikuja kuchapa mtihani wake, akasikiliza kisa chote akiwa amefunika karatasi kwa mkono. Alimwambia Lornah kwamba amekuwa akiuliza swali dogo.

"Usiombe wapunguze," alisema. "Uliza hivi, Mama: kama wao ndio wamevunja mkataba, faini ni ya nani?"

Lornah akageuka na kuuliza. Mgeni alipojibu, sauti haikuwa ile ya kwenye simu. Ilikuwa na Kijaluo ndani yake.

"Mama, hiyo hawakunirekodi."

Ndipo wakajua kwamba anaitwa Winny na kwao ni Otonglo. Walimrekodi mara moja tu, wakampa soda na nauli, na tangu hapo amekuwa akiwaomba watu wasubiri, mchana na usiku, bila kujua wanasubiri nini.

Ijumaa kampuni ilimtuma Bwana Ondiek na gari kumchukua, kwa sababu nchi nzima wateja walikuwa wakipiga simu na kusikia kimya. Winny alimwomba asubiri. Alisubiri kwenye benchi mpaka saiba ilipofungwa, akashukuru kwa huduma, akarudi Kisumu na gari tupu.

Mwezi ukaisha. Bei ilipanda vilevile kama walivyosema, na katika ujumbe, chini ya bei, palikuwa na ada mpya: mhudumu wa nyumbani. Lornah alimsomea Winny ujumbe huo wakila chakula cha mchana nyuma ya kaunta, akamuuliza kama katika hiyo ada kuna chochote kinachomfikia.

"Hakuna," Winny alisema, akimega ugali.

Intaneti ilikuwa imeshakatwa kwa kuwa hakuwa amelipa, na mlangoni wanafunzi walikuwa wamejaa na kazi za kutuma. Lornah alimwongezea omena, akafuta mikono, akachukua simu na kulipa yote, pamoja na ile ada ya Winny.