Neno Lililoingia Bila Hodi

Fundi wa kufuli wa mtaa ule aliitwa Fundi Hodi, na jina lenyewe lilikuwa la utani. Alikuwa na kawaida ya kubisha hodi kabla ya kufungua mlango wowote, hata kama mwenye nyumba amesimama kando yake, ufunguo umepotea, na ndani hamna hata panya. Atagonga mara tatu, atasubiri, ndipo atoe vifaa vyake. Siku moja aliitwa kufungua sefu ofisini kwa wakili, akaipigia hodi. Wakili akamwuliza, "Fundi, unategemea nyaraka ziitike karibu?" Akajibu kwamba kufuli ni kufuli, na kazi ya kufungua cha mtu ina adabu yake. Adabu yake ya pili ilikuwa hii: hakubaki na nakala ya ufunguo wa mteja, hata moja.

Kwa hiyo Jumatano ile, binti yake alipomwona akifungua mlango wa jirani wa ghorofa ya pili kimya kimya, bila hodi, na jirani mwenyewe yuko kazini, alijua mara moja kwamba baba si mzima.

Binti huyu alikuwa na miaka kumi na sita, na mtaa mzima ulimwita Tafadhali. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema "nipe chumvi." Yeye husema, "Hiyo chumvi, tafadhali, inaweza kufika huku?" Majirani walimtolea mfano kwa watoto wao. Laiti wangejua! Tafadhali alizaliwa na sauti ambayo akiamuru kwa kumaanisha, aliyeambiwa hana budi kutii. Mama yake ndiye aliyemwekea sharti, tangu ana miaka sita, kwamba hataamuru mtu yeyote wa nyumba ile. Ataomba, au atauliza.

Mdogo wake wa miaka kumi na minne aliitwa Winchi. Huyo angeinua friji kwa mkono mmoja na kufagia chini yake kwa mkono wa pili, jambo ambalo mama yao alilipenda kupita mambo yote. Kilichomshinda ni kufungua mlango taratibu, na baba yao alishabadilisha vitasa kumi na moja. Ndugu hawa walikuwa na mema yao waliyoyatenda. Waliwahi kutoa lori mtaroni, na waliwahi kumteremsha mtu kutoka juu ya mnara wa maji: Tafadhali alimwambia "shuka," akashuka. Lakini ushujaa ulikuwa wa nje. Wakirudi, sahani zilikuwa zinawasubiri.

Tafadhali alimfuata baba yake hadi karakana. Chini ya meza kulikuwa na maboksi matatu ya funguo mpya, kila mmoja umefungiwa kikaratasi: pampu ya maji, ghala la dawa, shule, ghorofa ya pili kulia.

"Baba, hizi za nini?"

"Nimeona ni vizuri nakala ziwepo," alisema baba kwa upole, macho yamekaa kama ya mtu anayesikiliza redio ya mbali. "Ni wazo langu mwenyewe."

Maneno hayohayo, "wazo langu mwenyewe," Tafadhali alikuwa ameyasikia asubuhi kwa mlinzi wa benki, na jana yake kwa dereva wa gari la taka. Wote hao walikuwa na kitu kimoja. Wiki tatu nyuma alikuja mtaalamu mmoja wa nidhamu kazini, watu wakambatiza Bwana Shwari, akafunga vipaza sauti katika kila mahali pa kazi, bure kabisa, kwa ajili ya salamu za asubuhi. Cha bure nacho kina wenyewe! Waliokuwa wakizisikia salamu zile walitulia. Watoto walikuwa likizo, na mama yao alikuwa fundi cherehani anayeshonea nyumbani, kwa hiyo hazikuwafikia.

"Hajanibishia neno wiki nzima," mama alikiri alipoambiwa, sindano imetulia mkononi. "Nikadhani labda ni umri."

Kisha akatoa kadi iliyokuwa mfukoni mwa koti la baba. Jumamosi, saa nne asubuhi, kila mwenye dhamana ya ufunguo afike ukumbini na nakala zake, kwa ajili ya somo la mwisho.

"La mwisho," alisema Winchi. "Sipendi hilo neno."

"Mimi nitaliondoa sharti langu siku hiyo," mama alimwambia Tafadhali. "Waamuru watoke huko waliko. Na baba yako umrudishe."

Alisema hivyo bila kumtazama binti yake usoni, na sababu waliijua wote wawili. Sharti la mama lilikuwa na chanzo. Miaka kumi nyuma, baba na mama walikuwa wamegombana siku nzima, na mwishowe baba akatia nguo kwenye begi, akashika mlango. Tafadhali, mtoto wa miaka sita, machozi na kamasi usoni, akapiga kelele: "Baba, usilale nje ya nyumba hii! Hata siku moja!" Baba akaweka begi chini kama mtu aliyechoka. Tangu siku hiyo hajalala nje.

Hajalala nje kabisa. Miaka minne iliyopita mama mzazi wa baba aliugua, anakoishi ni safari ya saa tatu kwa basi. Fundi Hodi alikuwa akienda asubuhi, anamlisha, anamwosha, na jioni anarudi na basi la mwisho. Ndugu zake walimsema sana. Alisema tu kwamba miguu inamrudisha. Bibi alifariki saa kumi alfajiri, mwanawe yuko kitandani kwake, mbali. Tafadhali na mama yake walielewa siku ile, wakatazamana, na hawakulizungumza tena. Kuliondoa neno lile kulitaka neno jingine, na waliogopa kwamba baba akiachiwa ataondoka.

Jumamosi walifika ukumbini watatu, Winchi na mama wametia pamba masikioni. Tafadhali hakuihitaji, sauti za namna ile hazikumwingia. Watu kama mia mbili walikuwa wamekaa, kila mmoja na funguo zake mapajani, wametulia kuliko hata wanafunzi mbele ya mkaguzi. Jukwaani alisimama Bwana Shwari, mtu mfupi mwenye sweta la kijivu, anaongea kwa sauti ya kubembeleza mtoto alale. Kama ungekutana naye dukani ungemwachia nafasi kwenye foleni.

Aliwaona watatu hao, akasogeza kinywa kwenye kipaza sauti. "Wageni hawa wanawasumbua," alisema. "Mmeamua kuwashika."

Watu wakainuka. Walikuja kwa adabu, wanapishana kati ya viti, "samahani," "samahani." Winchi akakimbilia ukutani, akang'oa spika moja baada ya nyingine kama anayechuma maembe, mpaka ukumbi ukanyamaza. Haikusaidia. Lililokwisha kuingia lilikuwa limeingia, na watu waliendelea kuja. Wa kwanza kumfikia Tafadhali alikuwa baba yake, akamshika mkono.

"Baba, niachie!"

Lilikuwa agizo la kwanza kumpa tangu lile la begi. Vidole vya baba vikafunguka, vikafunga, vikafunguka, vikafunga. Jasho likamtoka, damu ikaanza kumchuruzika puani. Maneno mawili yalikuwa yanagombana ndani ya mtu mmoja, na Tafadhali akaona kwamba akiongeza nguvu, baba yake ataharibika.

Hapo akakumbuka karakana. Ufunguo ukivunjikia ndani ya kufuli, asiyejua kazi huingiza mwingine kwa nguvu, na kufuli ndiyo basi tena. Baba yake alimfundisha hilo tangu mdogo, akimshikisha koleo nyembamba: kwanza toa kilichomo.

"Neno la Bwana Shwari liwatoke!" alipiga kelele.

Hakuna aliyetikisika. Yule bwana akacheka kidogo. "Hawana neno langu, binti. Waulize. Kila mmoja atakwambia ni wazo lake mwenyewe."

Na kweli, mtu atatoaje kwa jina kitu asichojua ni cha nani? Agizo lilipaswa kugusa kila kilichoingizwa, awe nani aliyekiingiza, na wakati wowote. Tafadhali alijua maana yake. Aligeuka kumtafuta mama, aliyekuwa mlangoni ameshatoa pamba, na watu wawili wamemshika mabega. Mama aliitazama damu ya puani mwa mume wake. Alikwisha kuelewa.

"Sema," mama alisema. "Sema lote."

"Kila neno lililoingia ndani mwenu bila hodi," Tafadhali alipaza sauti mpaka koo likawaka, "liwe la nani, liwe la lini, litoke!"

Funguo zilianguka sakafuni kama mvua ya mawe. Mtu mmoja akauliza nani amemleta pale bila viatu. Mke na mume wa safu ya tatu wakaurudia ugomvi wao walioukatiza wiki tatu nyuma, palepale walipoachia. Bwana Shwari akatafuta mlango wa nyuma, na Winchi akamdaka mkanda wa suruali, akamning'iniza hivyo kwa mkono mmoja mpaka polisi walipofika, na nusu ya askari hao walikuwa wamekaa ukumbini tangu asubuhi.

Baba aliuachia mkono wa binti yake. Akajipapasa kifuani kama anayetafuta miwani mfukoni, kisha akamtazama Tafadhali.

Mchana ule alikaa kwenye meza ya kulia na tupa ya chuma, akizisaga funguo meno moja moja. Winchi alijitolea kuzifinyanga zote kwa mkupuo, akakataliwa. Kwenye ufunguo wa thelathini hivi, baba akasema bila kuinua kichwa:

"Yametoka mawili."

Mama akasimamisha cherehani.

"Moja la wiki tatu. Jingine limeota kutu. Ni la nani?"

"Langu, baba," alisema Tafadhali, na akamweleza yote: begi, mlango, maneno yenyewe neno kwa neno.

"Na mimi nilijua," mama alisema. "Ningesema, ungeondoka. Nikanyamaza."

Baba aliweka tupa chini. "Siku ile nilikuwa naenda kwa kaka. Siku mbili tu, hasira zipoe."

Mama akaziba mdomo kwa kiganja.

"Na kwa mama yangu?" baba aliuliza. Tafadhali akainamisha kichwa, na baba akaendelea: "Nilikuwa nafika kituo cha basi najiuliza, mimi ni mtoto wa namna gani. Alinishika mkono siku ile ya mwisho, akasema leo lala. Nikautoa mkono wake. Miaka minne najiuliza."

Aliinuka, akalitoa begi lilelile juu ya kabati, akalipangusa vumbi. Alitia nguo chache. Funguo zake za nyumba alizitoa mfukoni, akaziacha mezani. Winchi alianza kulia waziwazi, jitu lile zima. Tafadhali alisimama pembeni mwa mlango, na neno lilikuwa ulimini, fupi kabisa, lingetosha. Akauma meno mpaka taya likauma. Alikuwa anampenda baba yake, na alikuwa anaogopa kupita alivyowahi kuogopa jukwaa lolote la Bwana Shwari.

"Safiri salama, baba," alisema, kwa sauti ya kawaida ya mtu wa kawaida.

Baba akaitikia kwa kichwa, akatoka.

Jumapili walikula wakabakiza. Jumatatu wateja walikuja, wakaambiwa fundi hayupo, wakauliza atarudi lini, wakajibiwa hatujui. Jumanne mama alishona pindo la gauni moja mara tatu na kulifumua mara tatu, na mwenye gauni alipolalamika akamwambia akatafute fundi mwingine.

Jumatano alasiri mlango uligongwa mara tatu.

"Hodi?"

Winchi aliruka kutoka kwenye kiti, mama akamvuta shati akae. Wote wawili wakamtazama Tafadhali. Alikwenda mlangoni. Kitasa cha kumi na moja kilikuwa baridi kiganjani. Alifungua. Baba alikuwa amesimama nje na begi lake, ndevu hazijanyolewa siku nne, mbele ya mlango aliouweka kufuli kwa mikono yake mwenyewe.

"Nimelala kwenye kitanda cha mama," alisema. "Siku zote."

Tafadhali akauliza kama alivyozoea kuuliza kila kitu:

"Baba, unataka kuingia?"

"Ngoja nifikirie," alisema baba.

Na kweli alifikiria. Hakuwa anatania. Alitazama ngazi alikotoka, akatazama ndani, meza, cherehani, mke wake aliyesimama na sentimita ya kupimia nguo shingoni, mwanawe aliyeshika ukingo wa meza mpaka ukapasuka. Chini barabarani gari la taka lilipita, likasimama, likaondoka. Tafadhali alishika mdomo wake, akasubiri.

"Leo nataka," alisema baba, akajipangusa viatu, akaingia.