Subiri Tangazo

Jumapili ile nyumba ya Leonila, mjini Iloilo, ilijaa kabla hata vyombo vya mchana havijaoshwa. Wifi yake Perla alianza kupiga kelele tangu getini, sufuria ya tambi za pansit mkononi na wajukuu wawili nyuma yake.

"Leo ndiyo leo! Mwanangu yuko kwenye televisheni!"

Mwanawe Rodel hakuwa kwenye televisheni. Alikuwa Manila, ameandika filamu, na filamu hiyo ilikuwa imewekwa kwenye intaneti tangu Ijumaa. Jovelyn, binti pekee wa Leonila, alikuwa amevuka na boti ya asubuhi kutoka Bacolod, alikofanya kazi ya uuguzi, ili waitazame pamoja. Yeye ndiye aliyeunganisha simu na televisheni, kisha akakaa sakafuni, mgongo kwenye kochi la mama yake.

Rodel kalelewa na televisheni ya nyumba hiyo. Utotoni alikuwa anakuja kila Jumamosi mchana, anashika mkono wa shangazi yake na kuugusisha kwenye paji lake la uso kwa heshima, halafu hao wawili wanazama. Mizimu inayochekesha, wafu waliorudi kudai sahani zao, watu wa nyota wenye vichwa kama vitunguu. Leonila hakuchagua, alipenda vyote. Mumewe Crispulo, fundi wa redio na televisheni, alikuwa akipita na bisibisi sikioni na kuwaambia, "Mimi ndiye ninayewalisha mashetani hayo umeme."

Crispulo alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Miaka yake miwili ya mwisho akili ilimtoka kidogo kidogo. Akawa anasema kuna watu wanakuja kumchukua kutoka juu, na kwamba antena imewekwa vibaya, hawataiona nyumba. Akawa anapanda paani kuigeuza. Leonila alimshusha asubuhi, akamshusha mchana, akamshusha na mvua. Siku aliyoanguka na kufa, Leonila aliwaambia watu wote kwamba yeye alikuwa ameenda sokoni.

Filamu ikaanza. Mzee mwembamba alikuwa paani na antena, akiongea na nyota. Perla akapiga makofi. "Shemeji huyo! Jamani, hata kaptula ni yake!"

Jovelyn alitabasamu, machozi yakimlengalenga. "Baba angefurahi," alisema.

Leonila naye alitabasamu. Kulikuwa na chombo cha angani chenye umbo la sufuria, na viumbe watatu wa kijani waliokuwa wakibishana juu ya ramani. Watoto walikuwa wakigaragara kwa kicheko. Kisha akaonyeshwa mke wa yule mzee: mwanamke mnene, nywele zimefungwa vibanio, kajilaza kwenye kochi na bakuli la ngozi ya nguruwe ya kukaanga tumboni, anatazama tamthilia.

"Wifi, ni wewe hasa!" Perla alisema. "Hata mkao!"

Mzee akaita kutoka paani, "Mke wangu, nishikie ngazi! Wamefika!"

Yule mwanamke, bila kugeuza kichwa, akajibu, "Waambie wasubiri tangazo!"

Sebule ililipuka. Perla alicheka mpaka akashika mbavu. Na chombo cha angani kikasubiri kweli. Viumbe wakakaa kwenye ukingo wa paa, miguu inaning'inia, mmoja anakata kucha.

Leonila alikuwa ameacha kutabasamu. Maneno yale aliyasema yeye. Hakuwa sokoni. Alikuwa kwenye kochi hili hili, saa tisa na nusu mchana, tamthilia imefika pazuri, na ilikuwa mara ya nne siku hiyo Crispulo kumwita. "Nila, nishikie ngazi." Akajibu, "Subiri tangazo." Tangazo lilipokuja, la sabuni ya kufulia, akatoka akamkuta mumewe kwenye saruji.

Duniani alikuwa amemwambia mtu mmoja tu. Katika sala za siku tisa za msiba, Rodel alikaa naye jikoni wakimenya vitunguu saumu, akamuuliza taratibu, "Shangazi, siku ile ilikuwaje hasa?" Akamwambia. Rodel alilia pamoja naye, akamkumbatia, akamwahidi kwamba yataishia pale pale jikoni.

Watoto walikuwa wameshayadaka maneno yale. "Subiri tangazo! Subiri tangazo!" Jovelyn peke yake hakucheka. Aligeuka polepole, akamtazama mama yake usoni, na Leonila alichelewa kuupanga uso wake.

Jikoni, Jovelyn alifunga mlango.

"Mama, siku ile ulikuwa sokoni?"

Leonila alifungua bomba, akalifunga. "Hapana."

Jovelyn hakupiga kelele. Alichukua mkoba wake, akamwambia Perla kichwa kinamuuma, akawahi boti ya jioni.

Kabla Perla hajaondoka, Rodel alimpigia simu, akaomba apewe shangazi yake. "Shangazi! Mmecheka?"

"Nilikwambia mimi na wewe tu, Rodel."

"Ah, Shangazi, majina nimebadilisha. Hakuna atakayejua."

"Jovelyn amejua."

"Lakini watu wanampenda yule mke, Shangazi. Ndiye wanayempenda kuliko wote."

Leonila alimrudishia Perla simu bila kuaga.

Maneno yale yakaenea. Wauza samaki waliwajibu nayo wateja wenye haraka, makondakta wakawapigia nayo kelele abiria.

Jovelyn hakuja tena hadi Novemba mosi, siku ya kuwakumbuka marehemu. Walikutana makaburini, wakasugua kaburi la Crispulo, kila mmoja upande wake. Baada ya kuwasha mishumaa ndipo Jovelyn aliposema.

"Sikulaumu kwa tangazo, Mama. Mimi ningechoka siku ya tatu. Ila ulimwambia Rodel. Mimi ukanificha, miaka mitatu."

"Rodel aliniuliza."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa unaniuliza kama baba yako amekunywa dawa," Leonila alisema. "Hilo tu ndilo ulilokuwa unauliza."

Alijuta hapo hapo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na yalikuwa kweli. Jovelyn alifuta magoti yake. Hakuushika mkono wa mama yake na kuugusisha kwenye paji lake la uso. Alipita katikati ya watu wenye maua na vyakula, akaondoka.

Krismasi hakuja. Alituma kikapu cha matunda na kadi yenye maneno ya dukani.

Perla alikuja na ukoo mzima, na baada ya kula watoto wakadai ile filamu. Leonila akawagawia biko, wali mtamu wa nazi, akakaa kwenye kochi lake. Mzee akaita kutoka paani. Sebule nzima ikamjibu kwa sauti moja, ikaangua kicheko, na Leonila akacheka nao kwa sauti kubwa, maana angenyamaza wangemuuliza ana nini.