Shina Namba 614

Fimbo ya Joanitha ilikuwa ya mwanzi, imekatwa mita moja na sentimita thelathini kamili, nayo ilikuwa na kazi moja tu: kuonyesha mahali pa kuzungushia utepe kwenye shina. Kilichoipita fimbo kilipimwa, kikapewa kibao cha bati chenye namba, kikaingia kwenye fomu kubwa. Kisichoifikia kiliitwa mche, nacho kilihesabiwa tu. Ndivyo yeye na wapimaji wenzake wa utafiti walivyofanya kazi katika msitu wa Rwenkende, wilayani Muleba, kila Juni mvua zikishakatika, tangu msitu ule ulipoungua miaka mitatu nyuma.

Katika kiwanja cha saba, kona ya kusini, Kahigi alikuwa ameipita fimbo.

Mwaka wa kwanza zilitokeza nywele na paji la uso katikati ya magugu, na Joanitha akahesabu mche mmoja. Mwaka wa pili alikuwa ametoka hadi kifuani, macho yamefumba, mdomo umejaa majivu. Mche mmoja tena. Mwaka huu alisimama wima, nyayo tu ndizo zilizobaki ardhini, maana vitu vinavyoota juu ya majivu havichelewi. Fimbo ilimfika shingoni. Joanitha alizungusha utepe bila kukaza, akasoma sentimita thelathini na saba.

Vibao hupigiliwa kwa msumari. Hiki alikifunga kwa waya kwenye mkono wa kushoto, asije akamuumiza.

"Ahsante, mwana wange," Kahigi akasema, akakohoa majivu.

Mke wake, Ma Kokushubila, ndiye aliyekuwa akiwapikia wapimaji. Aliweka chini sufuria ya ndizi na maharage, akamfuta mumewe uso kwa ncha ya kanga, halafu akamgombeza.

"Miaka mitatu, Ta Kahigi! Watu wanasema uko kisiwani Bumbire, unavua dagaa na mwanamke mwingine."

"Nilikuwa hapa hapa. Nilikuja kuwahi mizinga yangu ya nyuki. Moto ulitoka kule kwenye mipaina, vijana wa kampuni ya mbao walikuwa wanachoma majani. Upepo ukageuka."

Kamati ya uchunguzi ilikwisha kuandika vinginevyo: moto uliwashwa na mrina asali aitwaye Kahigi, ambaye baadaye alitoroka. Daktari Audax, mkuu wa utafiti, alimpa mzee pole kwa heshima zote, kisha akatazama saa. Vilibaki viwanja vinane, na gari walilokuja nalo lilikuwa la kampuni hiyo hiyo.

Ma Kokushubila alikuwa amekuja na jembe. Hakuwa na haja ya kueleza, lakini alieleza. Katika ukoo wa mumewe, mwanamume huzikwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba, na mke anayelinda kaburi haondolewi na mtu. Yeye hakuwa na kaburi. Alikuwa mke wa mtoro, na shemeji yake Kagaruki alishaanza kupogoa migomba kana kwamba ni yake.

"Nimchimbe nimpeleke nyumbani," alisema. "Nitamsitiri kwa lubugo, nguo ya gome la mti, kama wazee wake. Ni saa moja tu, Daktari, nakuomba, waitu."

"Mama, hiki ni kiwanja cha kudumu. Kwa miaka ishirini hakitoki kitu humu. Hata uyoga hatung'oi."

Kahigi hakubisha. Hakuwahi kuwa mtu wa kubishana na waliosoma.

"Basi nipeni karatasi," mama akasema. "Yenye muhuri. Iseme alikufa kwenye moto, na hakuuwasha yeye."

Hilo lilimfurahisha Joanitha, kwa sababu karatasi aliziweza. Kwenye sehemu ya maelezo aliandika kwa mwandiko wake mzuri: Kahigi. Alikufa katika moto huu. Moto ulitoka upande wa mipaina. Ikabaki safu ya hali, ambamo huandikwa H kwa shina hai na K kwa shina kavu. Mwongozo unasema gome likwaruzwe kwa ukucha. Likiwa bichi, shina ni hai. Joanitha alimkwaruza Kahigi juu ya kiwiko. Palikuwa na joto, na damu kidogo. Akaandika H, kama alivyoandika kwa mamia ya mashina wiki ile, akaenda kwenye shina lililofuata.

Ofisini Bukoba kompyuta ilipokea tarakimu na herufi. Maelezo haikuyapokea, kwa kuwa hayakutengewa nafasi, na aina ya mti ambayo haikuwamo kwenye orodha iliiandika kuwa haijulikani. Ukurasa ulichapwa, ukapigwa muhuri. Joanitha hakuusoma. Aliukunja, akaupeleka mwenyewe kwenye kikao cha ukoo, moyo wake mweupe kabisa.

Wazee walikuwa wakitafuna kahawa. Kagaruki alivaa miwani akasoma kwa sauti.

"Shina namba 614. Aina, haijulikani. Mzingo, sentimita thelathini na saba. Hali, hai." Akakunja karatasi. "Kumbe yu hai. Basi mtoro ni mtoro."

Hakuna aliyebisha kwamba Kahigi ameota msituni. Wawili kati ya wazee wale walikwisha kwenda kumsalimia. Suala lilikuwa karatasi, na karatasi ilikuwa na muhuri. Ma Kokushubila alipewa hadi msimu wa senene aondoke. Alimtazama Joanitha mara moja tu, bila hasira, na Joanitha alilia njia nzima hadi nyumbani kwake Rwamishenye. Aibu ile haikuisha kwa kulia.

Kesho yake alimwomba Daktari Audax abadilishe H iwe K.

"Shina kavu halipimwi tena," Daktari alimjibu, na hakusema kwa ubaya. "Mwakani linafutwa kwenye orodha na kibao kinatolewa. Hapo atakuwa hayupo popote. Hivi sasa angalau ana namba."

Juni ya mwaka uliofuata Ma Kokushubila alikuwa amejijengea kibanda cha nyasi hatua mbili nje ya kamba ya kiwanja, mahali ambapo sheria za utafiti zinaruhusu. Alikuwa amekonda. Taarifa ya mwaka ilikuwa imetoka, yenye picha nzuri za rangi, ikisema msitu unarudi kwa kasi ya kuridhisha. Chanzo cha moto: mrina asali. Kampuni ilikuwa imeongezewa mteremko wa chini ipande mipaina mingine.

"Mwaka huu andika kavu, mwana wange," mama alisema, akimshikia Joanitha fimbo. "Nimechoka kuwa mke wa mtoro. Bora asiwepo."

Kahigi alikuwa ameinua pua. Moshi mwembamba ulikuwa ukipanda kutoka mteremko wa chini.

"Ni wao tena," akasema. "Saa nane upepo utageuka."

Daktari Audax akawahimiza waharakishe, wamalize kiwanja kabla ya saa nane.

Joanitha alizungusha utepe. Sentimita thelathini na nane. Alimkwaruza juu ya kiwiko, pakatoka damu. Kwenye maelezo aliandika yale yale ya mwaka jana, neno kwa neno, akaongeza moshi na saa. Kisha akaandika H, ili angalau abaki na namba.

Ma Kokushubila akaisoma ile herufi. Akachukua fimbo, akaenda kuisimamisha kwenye shina namba 615.