Mwalimu Mwenye Kigugumizi cha Mikono

Kila asubuhi, kabla sijaondoka kwenda kazini, kwenye ofisi inayotengeneza video za masomo ya watoto viziwi, mdogo wangu huketi mbele ya kompyuta akimwangalia mwalimu wa sayansi anayefundisha kwa lugha ya alama. Mkono mmoja humwigiza mwalimu, mwingine umeshika mkate. Leo aliuweka mkate chini, akapiga meza.

“Mwalimu wenu ana kigugumizi cha mikono,” aliniambia kwa alama. “Au mmemchoma sindano ya ganzi?”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Ana mtihani wiki ijayo, na kwa kuwa hasikii, huyo wa kwenye skrini ndiye mwalimu pekee anayemfundisha bila kumharakisha.

Nikasogea. Video ile niliihariri mwenyewe, nikaiacha na fremu thelathini kwa sekunde, yaani picha mgando thelathini zinazofuatana kwa kasi hadi jicho linaziona kuwa mwendo mmoja. Sasa zilibaki nane. Mkono ulikuwa kifuani, mara uko begani; safari ya katikati haikuwepo. Na alama zetu za “yeyuka” na “ganda” huanzia mahali pamoja. Tofauti iko kwenye mwendo wa vidole, palepale palipofutwa.

Njia nzima nilipanga maneno makali. Nilipofika mlangoni kwa bosi, yakageuka haya:

“Samahani, bosi. Zile video… nadhani fremu zimepungua kidogo.”

“Kidogo gani? Nimezipunguza mimi!” alijibu kwa furaha. “Zilikuwa nzito kama mawe. Sasa zinafunguka chapuchapu. Usijali, dada yangu, nimezikagua zote.”

“Umezikaguaje?”

“Nilizifungulia kwenye spika huku najibu barua pepe. Hakuna neno hata moja lililokatika.”

Nilidhani ananitania. Wapi! Masomo ya watoto viziwi yalikuwa yamekaguliwa kwa masikio, na mtu aliyeyapa mgongo. Sauti yenyewe tuliiweka kwa ajili ya wazazi wanaosikia, ili wafuatilie.

Nilizunguka meza yake, nikafungua somo la sayansi, nikazima spika.

“Mbona umezima? Sasa mimi nitaelewa nini?”

“Angalia mikono.”

Akaangalia, akainua mabega. “Inarukaruka kidogo, basi. Hao watoto wala hawatagundua. Si wameshazoea kubahatisha?”

Nilitaka kusema sawa, kama ninavyosema siku zote, nirudi kwenye kiti changu nikalie chooni baadaye. Badala yake nikaweka viganja vyote viwili juu ya meza yake.

“Hawabahatishi, bosi. Wanasoma. Umewafutia maneno yao, halafu unajisifu kwamba faili ni nyepesi. Mdogo wangu ana mtihani wiki ijayo. Zirudishe fremu zote leo, na mimi sitoki humu mpaka nizione zimerudi.”