Foleni Haina Shemeji

Watu husamehe mengi. Ukimkanyaga mtu mguu atakuambia haidhuru, na ukichelewa harusi yake atakutengea sahani. Lakini mfutie mtu msiba wake, uone.

Mama Kanuni alifuta msiba. Aliufuta asubuhi akisubiri chai ichemke, na kabla chai haijachemka alikuwa ameshamfungia mjane asiweze kuandika tena. Kisha akamimina chai yake akanywa kwa amani kabisa.

Jina la Mama Kanuni alipewa na wanachama wa kikundi chake cha kwenye simu, kikundi cha watu wanaotumia vifaa saidizi: wasioona wenye simu zinazosoma kwa sauti, viziwi, watu wa viti vya magurudumu, watu wa mikono ya bandia. Humo wanaulizana mambo yao. Betri ya kiti imekufa, nifanyeje? Simu yangu imeacha kusema, nani anajua dawa yake? Yeye mwenyewe haoni tangu utotoni, na alikuwa msimamizi wa kikundi hicho tangu kina watu wa kujaa sebule moja mpaka wakawa maelfu. Halipwi. Kazi yake ilikuwa kama ya mtu wa mlangoni: kujua nani anaingia, kukata matusi, kuwafukuza matapeli wanaouza maji ya kurudisha macho. Alikuwa mkali, na matapeli walimjua.

Asubuhi ile simu ilimsomea ujumbe wa mtu mgeni, wenye namba ya kupokelea michango. Namba aliisikia. Maneno yaliyotangulia namba hayakumfikia vizuri, kwa sababu masikio yake yalikuwa yameanza kuondoka, na jambo hilo lilijulikana na watu wawili tu, mume wake na daktari. Mgeni, namba ya pesa: tapeli huyo. Akafuta, akafunga mlango.

Kumbe mgeni alikuwa mke wa Wakili, mwanachama wa siku nyingi, na alikuwa anawatangazia wenzake kwamba Wakili amefariki.

Habari ikaenea siku ileile. Mama Kanuni amefuta msiba! Akaomba radhi, akamfungulia mjane, akauweka ujumbe upya, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Watu waliokuwa na kinyongo naye tangu zamani wakapata pa kupitia. "Sikio la kufa halisikii dawa," mmoja aliandika. "Tulimwonya kwamba ubabe wake utamponza." Mama Kanuni alikuwa amebana simu kwenye sikio la kulia, lile lililobaki na nafuu, sauti ikiwa juu kabisa. Ujumbe mwingi ulimpita nusu nusu. Huo aliusikia wote.

Angeweza kusema ukweli. Jamani, siwasikii. Maneno mawili na watu wangenyamaza. Hakusema, na tusimpake mafuta: sababu ya kwanza ilikuwa kiburi. Sababu ya pili ilikuwa kazi. Alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa, anayewaunganisha watu na wodi, na alijua namba zote kwa kichwa. Halafu siku moja mwanamume aliyetaka wodi ya wazazi akaunganishwa na mochwari. Bosi alicheka. Ilipotokea tena hakucheka, akamwambia, "Mama, nenda nyumbani upumzike kwanza," na wote wawili walijua kwanza hiyo haina pili. Kiti chake pale hospitali kikakaliwa na mwingine wiki hiyohiyo. Sasa amebaki na kikundi. Kule bado watu walimwogopa, walimwomba ushauri, walimtania. Akisema siwasikii, wataanza kumwandikia pole, na mtu wa kupewa pole hapewi mlango alinde.

Wiki chache baada ya mazishi, mjane akatuma kifurushi. Hakuandika neno. Ndani, kimefungwa kwenye shati la marehemu, kulikuwa na kifaa cha kikundi.

Kifaa hicho ndicho mali pekee ya kikundi. Kinakaa mapajani kama kitabu kinene. Kina mstari wa vitundu, na katika kila kitundu nukta ndogo huinuka na kushuka zikifanya herufi za nukta nundu chini ya vidole. Ukikiunganisha na simu, unasoma kwa kugusa yote yanayoandikwa, na kuna vibonye vya kujibu. Kipya bei yake unanunua kiwanja. Hicho alikitoa msamaria fulani zamani, kimoja kwa watu wote, kwa hiyo kinazunguka: mtu anakaa nacho msimu wake kisha anampa anayefuata. Foleni ilipangwa na Mama Kanuni, na yeye ndiye aliyetunga sheria zake. Hakuna kuruka mtu. Msimamizi haruhusiwi kujipanga, asije akajipendelea. Aliyeomba huruma alijibiwa sentensi moja ambayo wanachama waliigeuza kuwa salamu: foleni haina shemeji.

Anayefuata alikuwa Mfumaji. Dada huyo alizaliwa kiziwi, akasoma, akawa fundi wa kufuma masweta, kisha akiwa mtu mzima macho nayo yakapofuka. Alijifunza nukta nundu akisubiri zamu yake. Kuzungumza naye ni kumwandikia herufi kwa kidole kiganjani, moja moja, na kaka yake ndiye aliyefanya kazi hiyo.

"Usikitoe," mume wa Mama Kanuni alimwambia. Alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa sauti kubwa hata kabla sauti kubwa haijahitajika, na sasa aliongea mdomo ukiwa karibu kuingia sikioni. "Kufa kufaana. Waambie kimeharibika. Nani atakuja kukikagua?"

"Kina mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Wewe umewalinda watu hawa miaka yote. Daktari amekwambia nini? Mwaka huu hauishi. Mwaka huu hauishi, mke wangu, utakuwa huna sikio. Simu itakusomea nini? Mimi nitaongea na wewe kwa nini?"

Alijibu kwamba atafikiria. Lakini mume alipokwenda kazini alikifungua, akakiunganisha na simu yake.

Loo! Sijui nieleze vipi. Kwa miezi alikuwa akikisikia kikundi kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani kupitia ukuta. Sasa kila neno lilikuja chini ya vidole, safi, halina kelele. Mzee mmoja analalamika kwamba mguu wake wa bandia unalia kila akisali. Mwingine anamshauri autie mafuta ya kupikia. Wa tatu anasema ukitia mafuta ya kupikia panya watakula mguu. Mama Kanuni alicheka peke yake mezani mpaka akatoa machozi. Alisoma hadi ncha za vidole zikafa ganzi, na mume aliporudi alimkuta hajapika.

Kaka wa Mfumaji alipoandika kuuliza, akamjibu kwamba kifaa kiko kwa fundi kinakaguliwa. Alipouliza tena, fundi akawa bado. Kijana akashukuru, akasema dada yake anasalimia, anasema amezoea kusubiri.

Salamu hiyo ilimnyima raha. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Amewachoma wenzake na sheria ile miaka na miaka, akiwemo marehemu Wakili, aliyewahi kumlilia kwamba asogezwe mbele kidogo akasomee kesi. Alimkatalia mbele ya watu. Wakili akasubiri zamu yake mpaka ikafika. Na yeye leo anakaa na kifaa cha Mfumaji kwa uongo, huku akiendelea kulinda mlango ambao hasikii nani anaubisha. Kesho atafuta nini tena?

Alimwandikia Mwalimu, msaidizi wake, mstaafu mmoja wa kiti cha magurudumu aliyeishi mji wa mbali. "Naacha usimamizi. Chukua wewe."

Mwalimu akapiga simu. Hakupokea. Mwalimu akaandika: "Kwa sababu ya ule msiba? Watu watasahau, dada. Pumzika mwezi mmoja urudi."

"Sirudi. Na niweke kwenye foleni ya kifaa. Sasa mimi ni mwanachama tu, sheria inaruhusu."

Jibu likaja: "Wewe wa nini? Una masikio kama popo. Haya, nimekuweka. Ni mkiani, unajua tena. Foleni haina shemeji, hahaha!"

Alipitisha vidole juu ya kile kicheko mara kadhaa. Halafu akawaandikia wanachama wote maneno machache: amechoka, anawashukuru, Mwalimu ndiye msimamizi kuanzia leo. Wengine walimwombea heri. Wengine waliandika kwamba amefuta msiba wa watu na sasa anakimbia. Akamwandikia kaka wa Mfumaji kwamba waje.

Walikuja mchana. Hodi hakuisikia, alijua kuna wageni kwa harufu ya sufi iliyoingia sebuleni na kwa mkono wa mume wake begani, mzito, wa mtu aliyenuna. Mume alikaa pembeni akasema hataki chai, ingawa ni yeye mwenye nyumba.

Kaka alimsalimia, nadhani shikamoo, kwa sababu alijibu marahaba na hakuna aliyeshangaa. Mfumaji akaketishwa karibu yake kwenye kochi. Kifaa kikawekwa kwenye mapaja yao wote wawili, nusu huku nusu huku, kikaunganishwa na simu ya dada. Mama Kanuni akauchukua mkono wake, mkono wenye sugu za sindano, akauonyesha: hapa unasoma, hapa unasogeza, hapa unaandika. Hakuhitaji kuonyeshwa mara mbili. Mfumaji akaanza kubonyeza, na nukta zikainuka chini ya vidole vya wote wawili.

*Nani wewe?*

Mama Kanuni akabonyeza kwa zamu yake. *Msimamizi. Niliyeacha.*

*Kaka alisema kifaa kilikuwa kwa fundi. Kimepona?*

Hapo angeweza kuandika ndiyo. Mume hajui nukta nundu, kaka hajui. Hakuna mtu mle ndani aliyeweza kusoma mazungumzo yale isipokuwa wao.

*Hakikuwa kibovu. Nilikuwa nakitumia.*

Vidole vya Mfumaji vilirudi mwanzo wa mstari, vikasoma upya, polepole.

*Kwa nini? Wewe unasikia.*

*Masikio yanaisha. Sijamwambia mtu. Ndiyo maana nilifuta msiba. Ndiyo maana nimeacha.*

*Yataisha kabisa?*

*Kabisa.*

*Utakuwa kama mimi.*

*Kama wewe.*

Na baada ya kuandika hayo Mama Kanuni alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa binadamu yeyote. Aliomba. Hakuomba kwa maneno, alikuwa bado na aibu kiasi hicho. Aliiacha mikono yake pale juu ya kifaa, wazi, akangoja. Alitaka dada yule aseme basi tugawane, mwezi wewe mwezi mimi. Alitaka kwa moyo wake wote sheria yake ivunjwe na mtu mwingine.

Mfumaji aliandika kwa muda mrefu. Nukta zilikuja kwa vipande, mstari baada ya mstari.

*Pole sana. Foleni ni ndefu. Mimi nilisubiri mpaka nikasahau siku. Usikae bure, utachanganyikiwa. Tafuta kazi ya mikono sasa, ungali na mtu wa kukufundisha. Na mume wako ajifunze kuandika kiganjani. Aanze leo. Wangu alichelewa, akachoka, akaondoka.*

Kisha akaitoa mikono ya Mama Kanuni juu ya kifaa, mmoja baada ya mwingine, kwa upole, akairudisha kwenye mapaja ya mwenyewe. Akakivuta kifaa kifuani, akakifunika kwa sweta lake, akasimama. Kaka alisema maneno ya kuaga ambayo hayakufika popote. Mlango ulipofungwa, kochi lilitikisika kidogo.

Mume alikuja kuketi pale alipokuwa mgeni. Akapeleka mdomo sikioni.

"Mmeandikiana nini muda wote huo? Amesema asante angalau?"

"Amesema nitafute kazi ya mikono."

Mume akasema kitu. Alikisema tena, kwa nguvu zaidi, pumzi yake ya moto ikimpiga shavuni. Mama Kanuni hakusikia hata herufi. Akaushika mkono wa mumewe, akaukunjua, akabaki ameushikilia, hajui aanze na neno gani.