Dripu ya Dada Yangu

Dada yangu haamini kwamba ametibiwa mpaka atundikiwe dripu. Vidonge, kwake, ni kitu cha kumfukuzia mgonjwa. Kwa hiyo alipotoka chumba cha daktari bila alama ya sindano, na daktari mwenyewe ni binti yangu, nilijua hatutakuwa na amani.

Miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu vimegoma kuingia, na kupanda ngazi ya mlangoni tu kulimfanya aheme. Alitaka maji ya dripu apate nguvu. Binti alikataa. Alisema sheria mpya inampa daktari haki ya kukataa tiba isiyo na faida au yenye madhara, hata mgonjwa akilia, hata akiwa ndugu.

Ugomvi ukahamia sebuleni kwangu. Dada akamkumbusha binti nani alimbeba mgongoni wakati mama yake yuko kazini, nani alimsuka nywele siku ya kwanza ya shule.

"Leo shangazi yako anaomba chupa moja ya maji, unanitajia serikali?"

Mimi nilisoma shule ya jioni, mchana nikipiga randa, na sipendi kuambiwa sheria inasema hivi bila kuiona. Binti akanifungulia sheria hiyo kwenye simu yake. Nikavaa miwani, nikasoma kifungu kwa kifungu, nikakuta alichokiruka. Daktari anaweza kukataa, lakini lazima amweleze mgonjwa sababu mpaka aelewe, na amwache aende kwa daktari mwingine akitaka.

"Umemweleza?" nikamuuliza.

"Nilimwambia moyo umechoka, baba."

"Moyo wa nani haujachoka? Eleza."

Akavuta kiti mbele ya shangazi yake, akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Shangazi, maji ndiyo haya. Yamekujaa, na moyo hauna nguvu ya kuyasukuma. Nikikuongezea yatapanda mapafuni, utazama ukiwa kitandani. Vidonge nilivyokupa ni vya kuyatoa."

Nilidhani yamekwisha. Dada akalitazama lile shimo, akashusha gauni, akasema vizuri, ameelewa. Sasa apelekwe zahanati ya pale kona. Sheria si imesema aende kwingine?

Mwenye zahanati ile tunamjua. Si daktari, na anamtundikia dripu kila anayeingia, hata aliyekuja kuuliza njia. Nikamwambia dada nitampeleka hospitali yoyote yenye daktari. Akakataa. Hao wote, alisema, wamesoma darasa moja na binti yangu.

"Basi siendi," nikasema.

"Binti yako ana sheria, kaka. Wewe una nini?"

Nilikuwa nimesoma vifungu vyote, na hakuna kinachomlinda kaka. Kesho ukoo mzima utaambiwa nilimnyima dada yangu matibabu kwa uchoyo wa petroli.

Dada akajikokota hadi kwenye gari langu, akaketi kiti cha mbele, akafunga mkanda. Nikachukua vidonge na kikombe cha maji, nikaingia upande wa usukani. Akadhani nimesalimu amri.

"Washa."

"Siwashi."

"Nitalala humuhumu."

"Lala. Nami nipo."

Alihema kwa mluzi, macho yake kwenye ukuta wa mbele. Nikamnyooshea kiganja chenye vidonge.

"Una roho ngumu wewe," akasema.

Mkono ulianza kufa ganzi. Sikuushusha.